Ajali ya usiku ina kinga: taa nyekundu nyuma ya baiskeli

Kuna kauli tunayoipenda sana misibani: ajali haina kinga. Tunaisema kwa nia njema, kumtuliza mfiwa, na hakuna mwenye roho ya kuipinga mbele ya jeneza. Leo nazungumza gazetini, kwa hiyo naipinga. Mwendesha baiskeli aliyegongwa kwa nyuma usiku, kwenye lami iliyonyooka, na dereva akajitetea kwamba hakumwona, ajali yake ilikuwa na kinga. Kinga yenyewe ni taa nyekundu ambayo fundi yeyote wa redio au simu anaweza kuiunda mezani kwake kwa vifaa vya shilingi elfu chache.

Nasema hivyo kwa sababu ni kazi yangu. Kibanda changu kiko Shinyanga mjini, jirani na soko. Nilianza na redio za betri sita, nikaja kwenye kaseti, kisha deki na sabufa, na siku hizi sehemu kubwa ya riziki yangu inatoka kwenye simu. Pembeni ya kazi hizo naunda taa za LED za baiskeli. Sizileti kutoka popote. Naziunda kwa mikono, kwa vipande ninavyonunua na vingine ninavyovitoa kwenye vitu vilivyokufa, na nazifunga mwenyewe kwenye baiskeli ya mteja.

Anayeifahamu Shinyanga anajua baiskeli ni nini kwetu. Zipo za abiria, ambazo hapa tumeziita daladala tangu zamani na bado zinapumua licha ya bodaboda kuzinyang'anya wateja. Zipo za maziwa kutoka upande wa Old Shinyanga, za mkaa, za mchicha, za walinzi wanaokwenda zamu na za wanafunzi. Nyingi kati ya hizo ziko barabarani wakati wa giza, na hilo lina sababu ya kijiografia ambayo watu wa Dar es Salaam hawaifikirii. Saa yetu ni moja na yao, lakini sisi tuko mbali magharibi, hivyo jua huchelewa kutufikia kwa zaidi ya dakika 20. Saa 12 asubuhi, wakati muuza maziwa ameshafika nusu ya safari yake, kwetu bado ni kiza. Yeye aliondoka nyumbani saa 11. Barabara anayoitumia ndiyo hiyo hiyo ya malori na mabasi yanayotoka Tinde kwenda Mwanza.

Nikimwuliza mtu wa namna hiyo kwa nini hana taa, jibu huwa moja.

"Fundi, mimi njia naiona. Hii njia nimeipita tangu nikiwa mtoto."

"Sawa mzee, wewe unaiona. Aliye nyuma yako anakuona?"

Hapo ndipo wengi husita, maana tumezoea kufikiri kwamba taa ni ya kumulikia njia. Mwenye baiskeli akipata hela kidogo atanunua tochi ya mbele. Taa ya nyuma ataiona ni urembo, kwa kuwa yeye mwenyewe haioni ikiwaka. Msimamo wangu ni kwamba mpangilio huo umegeuzwa. Kama una hela ya taa moja tu, funga ya nyuma. Shimo la mbele utalikwepa kwa kwenda polepole. Lori linalokuja mgongoni huwezi kulikwepa, kwa sababu hulitazami.

Hesabu yake ni rahisi. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja na nusu kutoka kuona kitu mpaka mguu ufike kwenye breki, na hapo mita 33 zimeshakwisha kabla breki haijashika. Kusimama kwenyewe kunataka mita nyingi zaidi ya hizo, hasa lori likiwa na mzigo. Sasa mweke mbele yake mtu mwenye koti jeusi juu ya baiskeli nyeusi yenye gunia la mkaa. Taa za chini za gari mara nyingi hazimtoi gizani mpaka awe ndani ya mita 50. Kukiwa na gari lingine linalokuja mbele na kumpiga dereva machoni, hata hizo 50 hazipo. Taa ndogo nyekundu, yenye LED nne tu, usiku wa giza huonekana mamia ya mita. Dereva anapata muda wa kuondoa mguu kwenye mafuta, kutazama mbele, na kumpisha mtu kwa nafasi.

Sitaki nieleweke kwamba namtupia lawama aliyegongwa. Dereva ana wajibu wa kwenda mwendo anaoweza kuusimamisha ndani ya eneo analoliona, na asiyefanya hivyo ana kosa. Lakini wajibu wa dereva hauko mikononi mwangu wala mwa muuza maziwa. Taa iko.

Wapo wanaosema kile kiakisi mwanga chekundu kilichokuja na baiskeli kinatosha. Kisiondolewe, kina kazi yake siku taa ikizimika. Ila kiakisi hakina mwanga wake, hurudisha tu ule uliokipiga. Gari likiwa na taa moja iliyoelekea pembeni, au kiakisi kikiwa kimepakwa tope la masika na vumbi la kiangazi, hakuna kinachorudi. Kile cha baiskeli za mizigo ndicho cha kwanza kuvunjika, kwa sababu kimekaa mahali ambapo magunia hushushwa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaitaka baiskeli iwe na kiakisi chekundu nyuma, na juu ya hicho iwe na uwezo wa kuonyesha taa nyeupe au ya njano mbele na nyekundu nyuma. Waliouandika waliona kwamba kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Tena, taa inayofanya kazi ni ile iliyofungwa moja kwa moja. Huko Odense, Denmark, miaka ya 2004 na 2005 watafiti waliwashirikisha waendesha baiskeli karibu 4,000. Baadhi yao walifungiwa taa zinazowaka wakati wote baiskeli inapotembea, mchana na usiku, zikitumia sumaku kwenye spoku. Wengine waliendelea kama kawaida. Wale wenye taa za kudumu walipata ajali za kuumia pungufu kwa asilimia 19. Denmark si Shinyanga, wana njia zao za baiskeli na taa za barabarani. Ninachokichukua kutoka kwao ni kwamba taa ya kuvuliwa na kuachwa nyumbani ina faida ndogo. Ile ambayo ni sehemu ya baiskeli, kama kengele na stendi, ndiyo inayomkuta mtu akiwa nayo siku ya hatari.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, maana nataka msomaji aone kwamba haina uchawi.

Kwa taa ya nyuma natumia LED nyekundu nne za milimita 5, zile zenye miguu miwili, mguu mrefu ukiwa chanya. Nanunua zile za kioo cheupe zenye mwanga mkali. LED ya kwenye deki au runinga iliyokufa haifai, kwani iliwekwa kuonyesha tu kwamba chombo kimewaka. LED nyekundu hutaka takriban volti 2 na miliampia 20. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, hivyo kuna volti 2.2 za ziada ambazo lazima zizuiwe zisiichome. Gawa 2.2 kwa 0.02 upate omu 110. Dukani hutaipata hiyo kirahisi, chukua rizista ya omu 120. Kila LED iwe na rizista yake. Mafundi wavivu huziunga zote nne kwenye rizista moja, kisha LED yenye kiu kuliko wenzake inavuta umeme mwingi, inakufa, na zilizobaki zinafuata. Rizista ni kitu cha bei ya pipi, hakuna sababu ya kuibania.

Nne hizo kwa pamoja hula kama miliampia 60 betri ikiwa kwenye volti 3.7. Betri ya BL-5C, ile ya simu za Nokia za vitufe ambayo siku hizi imejaa kwenye redio ndogo, ikiwa mpya ina uwezo wa karibu miliampia 1,000 kwa saa moja. Maana yake taa inawaka zaidi ya saa 15. Hata betri iliyochoka ikabaki na nusu ya nguvu yake inavuka usiku mmoja wa kazi. Kwa kuchaji, kuna bodi ndogo iitwayo TP4056. Ina tundu kama la simu, inapokea chaja ya kawaida, na inakata yenyewe betri ikifika volti 4.2. Mteja anachaji taa yake pale pale anapochajia simu, iwe ni umeme wa nyumbani au sola ya jirani.

Kuhusu betri sina mzaha. Betri iliyovimba, hata kidogo, haiingii kwenye taa yangu, na mteja akilazimisha namrudishia hela yake. Seli za betri ya laptop, zile za mviringo zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, ni nzuri sana na zinapatikana kwenye laptop mbovu, maana mara nyingi betri nzima hutupwa kwa ajili ya seli moja au mbili zilizokufa. Lakini kila seli ipimwe kwa mita kwanza. Iliyoshuka chini ya volti 2 ikakaa hivyo muda mrefu usijaribu kuifufua. Usichomelee risasi moja kwa moja juu ya seli, joto linaiharibu kwa ndani, tumia kikasha chenye springi. Wala usiifunge seli tupu bila bodi ya ulinzi inayokata umeme waya zikigusana, kwani lithiamu ikishika moto hairudi nyuma. Fundi asiye na mita asiguse kazi hii.

Nyumba ya taa ni kifuniko cha bomba la plastiki la fundi bomba. Natoboa matundu manne. LED mbili zinatazama nyuma moja kwa moja, moja naiinamisha kidogo kushoto na nyingine kulia, kwa sababu mwanga wa LED hizi ni mwembamba na barabara ina kona. Vichwa vyake navisugua kwa msasa laini ili mwanga usambae. Waya uwe wa nyuzi nyingi, usiwe wa uzi mmoja, maana barabara zetu za vumbi zina matuta madogo yanayotikisa baiskeli mpaka waya mgumu unakatika shingoni. Viungo navifunika kwa silikoni, na juu yake navuta kipande cha tyubu ya zamani kubana maji yasiingie. Chini kabisa naacha tundu dogo, kwani maji ya mvua yana akili kuliko fundi. Yakiingia, yawe na mlango wa kutokea.

Mahali pa kuifunga ndipo taa za dukani zinapofeli kwetu. Zimetengenezwa zikae kwenye bomba la siti. Kwenye baiskeli ya mtu wa mazoezi huko Ulaya ni sawa, nyuma ya siti hakuna kitu. Kwenye baiskeli ya Phoenix ya Shinyanga nyuma ya siti kuna gunia, kreti la soda au abiria. Taa inawaka inamulika gunia. Mimi naifunga kwenye madigadi, chini ya keria, au kwenye ukingo wa mwisho kabisa wa keria. Kwa daladala za abiria lazima iwe chini zaidi, kwa sababu kina mama hupanda upande na kitenge huning'inia na kuifunika. Kwa wanaobeba madumu ya maji kila upande nafunga mbili, kulia na kushoto, ili dereva aone na upana wa mzigo. Mambo haya hayamo kwenye karatasi ya maelekezo ya taa yoyote iliyotengenezwa mbali. Fundi anayeiona baiskeli ikipita mbele yake kila siku anayajua.

Kuna ubishi mwingine wa rangi. Vijana wanapenda taa za bluu, kijani, na zile nyuzi za LED zinazobadilika badilika. Wakija kwangu nawakatalia kwa upole. Nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lugha ambayo kila dereva anaisoma bila kufikiri. Akiona nyekundu anajua kuna kitu kinakwenda uelekeo wake na anakikaribia. Akiona nyeupe anajua kinakuja. Ukifunga taa nyeupe nyuma umemdanganya kwamba unakuja kumbe unakwenda, na uongo huo unaweza kukugharimu. Kijani na bluu hazimwambii lolote. Kuwaka na kuzima kwa haraka nako kunavuta macho, lakini kunafanya iwe vigumu kwa dereva kupima umbali, kwa hiyo taa zangu zinawaka mfululizo.

Wengine hufunga tochi nyeupe nyuma kisha wakaiviringishia karatasi nyekundu ya nailoni. Wanashangaa kwa nini mwanga unakuwa hafifu. Sababu iko ndani ya LED yenyewe. LED nyekundu ni ya zamani, ilitengenezwa Marekani mwaka 1962. Nyeupe ilichelewa sana kwa sababu ilihitaji kwanza LED ya bluu yenye nguvu, na hiyo ilipatikana miaka ya 1990 kwa kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, waliopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. LED nyeupe tunazouza sokoni kwa kawaida ni za bluu zilizopakwa unga wa njano, na mchanganyiko huo macho yetu huuona mweupe. Wekundu ndani yake ni kidogo. Ukiweka karatasi nyekundu unazuia karibu mwanga wote na kuruhusu kile kidogo. Nunua LED nyekundu yenyewe, ni rahisi na inakula umeme mdogo.

Taa ya mbele nitaipitia haraka. LED moja ya wati 1, inayotumia takriban miliampia 300, inamtosha mtu anayekwenda mwendo wa baiskeli. Lazima ikae juu ya kipande cha alumini, hata kilichokatwa kwenye fremu ya dirisha, kwa sababu inachemka na ikichemka inazeeka. Seli moja ya laptop yenye afya inaiwasha kwa saa sita hivi. Iinamishe chini kidogo, mwanga uanguke barabarani na usiende machoni mwa anayekuja. Kufunga taa kali za pikipiki kwenye baiskeli ni uonevu kwa wenzako.

Kwa wanaoishi mbali na umeme bado naipenda dainamo, ile chupa inayosuguana na tairi. Wazee wanaikumbuka kwa balbu zake zilizoungua ukiteremka kwa kasi na kufifia ukipanda. Tatizo kubwa lilikuwa balbu. Dainamo ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3, na balbu ya waya iligeuza sehemu kubwa ya hizo kuwa joto. LED nzuri leo hutoa lumeni 100 na zaidi kwa kila wati, mara nyingi ya balbu ile. Umeme wa dainamo ni wa kwenda na kurudi, kwa hiyo upitishwe kwenye dayodi nne, uwekewe kapasita ya kuutuliza, ndipo uende kwenye LED mbili za wati 3 zilizofuatana. Ukisimama itazimika, na ndiyo maana hata mwenye dainamo namwambia taa ya nyuma iwe na betri yake.

Najua swali linalofuata: kwa nini tujisumbue kuunda wakati taa za Kichina zipo sokoni, tena za bei poa? Sina ugomvi na taa za Kichina, na LED zangu zenyewe zinatoka huko huko. Ninachokikataa ni kile kikopo kilichogundishwa ambacho hakifunguki. Betri yake ikichoka baada ya miezi michache, taa nzima ni takataka, ingawa LED zake bado ni nzima na zingeweza kuishi miaka. Mteja hatanunua ya pili. Atarudi gizani akisema taa hazidumu. Taa yangu ina skrubu mbili. Betri ikifa anakuja, nabadilisha betri, anaondoka. Waya ukikatika naunga. Kitu kinachotengenezeka mtaani ndicho kinachodumu mtaani, kama ambavyo Phoenix yenyewe imedumu kwa sababu kila kijiji kina mtu wa kunyoosha rimu yake.

Wizi nao hutajwa. Taa ya kuchomoa huibwa, kweli. Taa iliyofungwa kwa boliti kwenye madigadi, iliyo ndani ya kifuniko cha bomba chenye rangi ya bomba, haimvutii mwizi. Sura yake mbaya ndiyo kufuli yake.

Na gharama? Taa ya nyuma natoza shilingi elfu nane pamoja na kuifunga, na mteja akija na betri yake nzima napunguza. Siyo hela ya kudharau kwa mtu anayeuza mchicha, lakini hutandazwa juu ya miaka. Wanaoendesha daladala kwenye kijiwe kimoja nimewashauri wachangishane kama wanavyofanya kwenye mchezo, kila wiki wafungiwe taa wawili. Kijiwe kilichofanya hivyo kimepata faida ambayo sikuitegemea: abiria wa usiku huchagua baiskeli yenye taa.

Baada ya kusema hayo, nina maombi kwa watu watano.

Kwa mafundi wenzangu, kuanzia Kahama na Tabora mpaka Ifakara na kokote kwenye baiskeli nyingi: acheni kulia kwamba redio zimekufa. Kazi hii iko mlangoni, vifaa mnavyo, na mita mnazo. Fanyeni kwa uaminifu, msifunge betri iliyovimba kwa tamaa ya elfu mbili.

Kwa walimu wa fizikia: kidato cha nne mna mada ya elektroniki, na wanafunzi wanachora dayodi ubaoni bila kuishika. Taa ya nyuma ya baiskeli ina hesabu ya volti, mkondo na ukinzani yote ndani yake. Kila mwanafunzi aunde moja, na anayekuja shule kwa baiskeli aifunge kwenye baiskeli yake. Vyuo vya VETA navyo vinaweza kuifanya kuwa zoezi la wiki ya kwanza kwa wanaosomea umeme na elektroniki.

Kwa halmashauri: ile asilimia 10 ya mapato inayotengwa kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haijaandikwa kwamba lazima iende kwenye kuku na bodaboda. Kikundi cha vijana watano wenye mita, risasi na katoni moja ya LED kinaweza kuzifungia taa baiskeli za tarafa nzima, na kikabaki na kazi ya matengenezo.

Kwa askari wa usalama barabarani: msichukue baiskeli ya mtu kwa sababu haina taa. Baiskeli hiyo ndiyo unga wa watoto wake, na ikikaa kituoni hairudi ikiwa na taa. Mpeni muda na mwelekezeni kwa fundi. Akipita tena bila taa, hapo mna haki ya kumbana.

Kwako msomaji uliye na baiskeli, au ambaye baba yako, mume wako au mwanao anaitumia kabla ya mapambazuko: leo jioni itoe nje, mwambie mtu aipande aende hatua mia moja, wewe usimame nyuma utazame. Ukimpoteza machoni, dereva wa lori atampoteza pia. Kesho ipeleke baiskeli kwa fundi, aanze na taa ya nyuma.